Mungu Alimutoa Binti Yangu Ndani ya Telefone

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe sifa, kwani leo nimesimama mbele yenu na binti yangu Furaha iko hapa pembeni yangu!

Mimi ni mulimaji wa maharagi, wa Nyabiondo. Vita vilipotuzunguka, bwana yangu, baba yake Furaha, alikwenda kutafuta kazi Itebero, akatutumia telefone kubwa ya kugusa ili tusikilizane. Tulifurahi. Lakini Furaha aliingia mule ndani, hakutoka tena. Asubuhi hasalimie muntu. Wageni wakiingia, anageuza uso. Ukimutuma chumvi, anafika mulangoni amekwisha kusahau. Mwalimu akalalamika kwamba kichwa chake hakishike tena masomo. Na mama mukwe wangu, yule watoto wanamwita Koko, alikaa kwetu kama mugeni. Anauliza neno, mujukuu hajibu.

Siku moja, muchana, risasi zililia kilima cha jirani. Tukakimbia, mimi na Koko, mudogo wake Furaha mugongoni kwangu. Njiani njo nikatambua Furaha haiko! Alibaki shambani, nyimbo za telefone zimeziba masikio yake, hasikii kitu. Nikataka kurudi. Koko akanishika mukono.

"Wewe uko na mutoto mugongoni. Endelea. Miye nitaenda kumuchukua, tutakukuta Kirotshe."

Muzee wa magoti mabovu, ndugu zangu! Akarudia kule watu wote walikuwa wanakimbia kutoka.

Nilifika Kirotshe, kule kando ya ziwa, bila wao. Niliomba telefone ya muntu, nikapiga ile Furaha alibaki nayo, haipatikani. Nikabaki na maombi tu.

Kumbe Koko alimukuta, wakajificha bondeni, kisha wakashika njia za vilima. Telefone ilikuwa imezimika. Furaha alinieleza kwamba alilia sana, vidole vyake vinatafuta kile kitu kimekwisha kufa. Lakini Koko alichoka, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kila nyumba walipofika, ilimubidi Furaha kubisha, kusalimia, kuomba maji ao mahali pa kulala. Mara ya kwanza sauti ilikataa kutoka.

Koko akamwambia, "Mwangalie muntu machoni, mujukuu wangu. Ataona na weye uko muntu."

Akajaribu, mulango ukafunguliwa. Na njiani Koko akamupa majina ya mababu, akamwelezea vita alivyokimbia yeye mwenyewe akiwa musichana. Furaha akauliza, akauliza tena.

Nilikuwa nafua nguo karibu na ziwa wakati nilisikia musichana anasalimia wamama, mumoja mumoja, kwa heshima. Sauti niliijua, lakini sikuamini. Nikageuka: njo yeye, ameshika mukono wa Koko! Niliacha nguo ndani ya maji, nikaanguka kwa magoti.

Telefone tungali nayo. Baba yake anatupigia, tunacheka wote. Lakini saa ya kula tunaiweka mbali, na Furaha na Koko wanaongea mpaka mimi njo naomba kimya. Masomo yanaingia tena. Moyo wangu umepumuzika, ndugu zangu!

Wewe ambaye mutoto wako iko nyumbani lakini hayuko nawe, usichoke kumwita. Mungu aliyemupitisha muzee wetu katikati ya risasi anajua njia ya kumufikia wako pia. Mutegemee, na utukufu urudi kwake.