Baridi Tuliyoisingizia

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Baba Paroko; Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, kijana wangu ambaye kuanzia kesho hatakuwa na mtu wa kumkemea; ndugu wajumbe wa kamati ya afya ya kijiji pamoja na mwenyekiti wenu, Mzee Othmar, ambaye kwenu ni mwenyekiti tu lakini kwangu ni mume; wakwe zangu mliopanda milima kutoka Liuli; kina mama, kina baba, nanyi wanangu niliowapokea kwa mikono hii mkiwa mnalia: Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Miaka thelathini na minne ya unesi, niiage kwa dakika kumi! Haya. Sitapoteza hata moja kuwaeleza nilivyoteseka, maana mlikuwepo, na wengine ndio mlionitesa. Mimi Emerensiana nimesimama hapa kuomba radhi. Naiomba radhi baridi.

Chekeni tu. Baridi hii ya Umatengo tumeisingizia mambo mengi, lakini mimi nimeisingizia nikiwa na cheti.

Binti yetu Tadea ameolewa Liuli, kwa Mzee Cleopa, yule pale mwenye shati jeupe, mvuvi, anayetetemeka kwa adabu tangu asubuhi. Tadea ana mtoto mmoja, Asteria, wa miaka miwili na nusu. Kule ziwani mtoto anashinda mchangani, anakula vile vidagaa vya usipa, anapiga kelele, kifua safi kabisa. Akija kwetu kusalimia, siku ya pili tu kifua kinapiga filimbi na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Ilitokea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasi tukasema nini? "Baridi! Watoto wa ziwani hawa, mapafu yao yamezoea joto." Nikamvisha soksi jozi mbili na kofia inayomfunika mpaka kope. Na babu yake akasema, "Mleteni huku nimpe joto," akamfunika kwa koti lake.

Hilo koti mnalijua. Amelivaa hapo, litazameni vizuri. Alilinunua mwaka ambao kahawa ilitupenda, akaja nalo kwetu kuposa, na nakiri mbele ya Baba Paroko kwamba nililipenda koti kabla sijampenda mwenyewe. Amelivaa shambani, amelivaa misibani, amelivaa kanisani. Na kila alipolivaa, alivuta sigara.

Lakini jamani, nimsifu mume wangu kwa haki. Tangu Tadea akiwa tumboni nilimkataza kuvutia ndani, na hajavutia ndani hata siku moja. Ana nidhamu huyu mzee! Anatoka, anakwenda mpaka kwenye vichanja vya kahawa, anavuta taratibu, anatafuna jani la mpera, anasukutua, halafu anarudi na uso wa mtu aliyetoka kuungama. Kumbe mdomo ulikuwa umeungama, koti halijaungama. Asteria anamrukia, anajilaza kifuani pake, anachukua kifungo cha juu cha koti na kukinyonya mpaka usingizi umchukue. Nami nesi nimekaa pembeni natabasamu, nasema tazameni upendo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana tukashuka Liuli kuwasalimia wakwe. Mnalijua joto la ziwani la mwezi ule. Mzee Othmar akashuka na koti. Mmatengo hasafiri bila koti. Ukimwona hana, ujue ameibiwa. Mchana mtoto akasinzia, babu kwa mapenzi yake akalitandika koti juu ya mkeka, akamlaza hapo, kifungo kinywani. Haikufika jioni, midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Tulikimbia naye hospitali tumembeba kwa zamu. Na mimi, niliyewafundisha ninyi nyote kuhesabu pumzi za mtoto, nilishindwa kuhesabu hata tatu. Nilikaa chini nikalia.

Wakamwekea hewa, akapata nafuu, Mungu mkubwa. Hapo ndipo mkwe wangu Cleopa aliponisogelea, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Samahani, mkwe. Hiyo baridi yenu mmeileta kwenye begi?"

Daktari aliyekuwa ameinama juu ya mtoto akalinusa koti tulilombebea, akainua kichwa: "Nani hapa anavuta?" Mzee Othmar akasimama kama askari: "Hakuna, daktari. Mimi navutia nje." Daktari akamwambia, "Hiyo nje umekuja nayo ndani, mzee."

Ndugu zangu, hili si fumbo, na watu wa Liuli ndio wangetakiwa kunifundisha mimi. Samaki akikaushwa kwa moshi, moto ukazimwa, ukamla baada ya wiki, husikii moshi? Moto haupo, moshi hauonekani, lakini umo kwenye nyama. Ndivyo ilivyo sigara. Uchafu wake wenye sumu unang'ang'ania kwenye koti, blanketi, kochi, pazia, ukuta, nywele na vidole, unakaa siku nyingi, na kufungua dirisha hakuutoi wote. Wewe mtu mzima unapita tu. Mtoto anatambaa juu yake, anaushika, anatia mkono mdomoni, na kile kifua chake kidogo kinahema haraka kuliko chako. Nani basi anayeuvuta?

Sasa niwaambie kinachoniuma. Kuna mama mmoja, Ottilia, yuko hapa na ameniruhusu nimtaje. Alinijia miaka mingi na mtoto wa kifua. Nilimuuliza kuhusu kuni, nikamuuliza kuhusu vumbi, nikamgombeza kwamba hamkingi mtoto na baridi. Nilimuuliza kila kitu isipokuwa koti la mumewe. Ottilia, nisamehe. Nilikugombeza bure.

Tuliporudi kutoka Liuli, kamati ya afya ikakaa. Ikakaa tena. Kikao cha tatu ikazaa bango, lile pale mlangoni: USIVUTE SIGARA NDANI. Alilipigilia misumari mwenyekiti mwenyewe, sigara ikiwa imebanwa sikioni. Hongereni sana! Na leo, mshereheshaji aliposoma ratiba, wajumbe watatu walikwenda nyuma ya choo, wakarudi wananukia peremende. Mheshimiwa Diwani, usicheke sana, vidole vyako viwili vya manjano nimeviona. Ratiba inasema utapiga picha umebeba watoto wachanga. Tafadhali, mheshimiwa, watabasamie ukiwa mbali.

Tadea hakuunda kamati. Alisema mara moja tu: "Mama, baba nampenda. Lakini mwanangu hatakaa tena mapajani pake mpaka koti limtoke, na sigara imtoke." Miezi minane sasa. Wamekuja leo kwa ajili yangu, na kesho wanashuka. Asteria yule pale kwa Babu Cleopa. Toka asubuhi anamwona babu yake meza kuu, anamnyooshea mikono, anamwita kwa jina alilompa mwenyewe. Mmelisikia. Anamwita Babu Koti.

Othmar, mume wangu. Koti umelifua kwa heshima ya siku yangu, pasi imepita vizuri, nakushukuru. Lakini asubuhi nilitia mkono mfuko wa ndani, nikakuta sigara mbili na kiberiti. Kwenye mkoba huu kuna sweta, nimelifuma miezi yote hiyo minane, halijawahi kukutana nawe. Bomba liko nyuma ya zahanati na sabuni nimeiweka. Kunawa siyo kuacha, nisimdanganye mtu. Kuacha ndiyo dawa, na kliniki utakwenda, nitakupeleka kwa mkono. Ila leo tuanze na bomba. Kutoka hapo ulipokaa hadi kwa mjukuu wako ni hatua ishirini. Keki hii sitaikata mpaka uzimalize.

Naona anasimama. Mheshimiwa, vuta kiti chako apite. Ameliweka koti mezani... Othmar, na zile mbili! Haya, asante. Pokea sweta. Jamani, na kiberiti katoa bila kuombwa. Hajaelekea chooni, anakwenda bombani, mpisheni njia. Tadea, usilie mwanangu, mshushe mtoto chini asimame.

Ndugu zangu, mmenivumilia miaka thelathini na minne na dakika hizi zilizozidi. Asanteni kwa masikio yenu na kwa mioyo yenu. Sasa naomba sote tunyamaze kidogo, tusikie babu yake atakaporudi, Asteria atamwitaje.