Jino Nene la Gloriose

Katika basi dogo la kwenda bandari ya Kalundu, Gloriose alikuwa akifuta damu ya ufizi. Jino lake jipya, lililofungwa kwa skrubu ndani ya mfupa, lilikuwa na mwezi mmoja tu. Mzee Nkusi, fundi wa meno ya bandia aliyeketi kando, aliomba kulitazama. Gloriose alipofungua kinywa, basi zima lilichungulia.

"Mama, hili jino iko munene sana ku shingo, pale chini. Inakandamiza ufizi, mswaki haipiti. Uchafu ikibaki pale, mufupa itaisha polepole. Rudi kwa wale walikuwekea, wakupunguzie."

"Miye ndiye niliomba kubwa, papa. Kesho naozesha binti, nitacheka mbele ya wakwe."

"Kesho utacheka. Na mwaka kesho?"

Gloriose alilipapasa jino kwa ulimi. Basi liliposimama bandarini, alimuaga mzee kwa tabasamu la mdomo uliofungwa.