Manjano Kabla ya Eda

Basi la Mbale lilikuwa limeshapita mji wa Iganga wakati Proscovia, muuza shanga, alipomgeukia Hajarah, mwanamke aliyeketi naye, akamwita kwa heshima ya Kiganda. "Nyabo, wewe unajua kuvaa. Hilo gauni la kijivu lingekuzeesha, lakini kitambaa cha manjano kimelichangamsha."

Nyuma yao Semei, askari jela, alijifanya amelala. Sare yake ilikuwa ndani ya mkoba. Tangu vita alikuwa amejifunza kwamba watu wakiona kaki huzungumzia mvua tu.

"Leo ndio mwisho wa kukivaa," Hajarah akajibu. Mumewe alichukuliwa na wanajeshi sokoni Jinja, na maiti yake haikuonekana. Sheikh alimwambia angoje miaka minne, kisha akae eda. Miaka imetimia, na mama mkwe anamsubiri Mbale na nguo zisizo na pambo.

"Miaka si kaburi, nyabo. Usikivue."

"Nisipokivua, watasema nimekataa msiba. Nikikivua, dada, nitakuwa nimemzika mimi."

Semei alifumbua macho. Wakati wa vita alichimba makaburi mengi yasiyo na majina, na hadi leo hakuna aliyemuuliza nani amelala humo. Alikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akatazama dirishani.

Basi likasimama Mbale, katikati ya umati. Hajarah alikuwa ameshafungua fundo la kitambaa. Akalifunga tena.

"Mume wangu aliniambia nivae manjano ili anione hata penye watu wengi," alisema. "Wacha kwanza watu hawa waishe kupita."