Sindano Iliyotolewa Sandukuni

Jirani aliwahi kumuuliza dada wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, wakati wakianua nguo: "Hivi shoga, huyo mdogo wako analipwa kwa kufuta vitu kwenye kompyuta? Ndiyo kazi gani hiyo?" Dada alicheka, maana jibu alilijua tangu utotoni.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fagio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, kitinda mimba wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alipokwenda shule ya bweni mwaka 1982, mama alimjazia sanduku hadi likagoma kufunga. Akalipakua lote. Akabakiza nguo, sabuni, na sindano yenye uzi. "Hivyo vingine nitavipata huko, mama. Lakini shati likichanika njiani, nani atanishonea?"

Mwaka 1998 aliajiriwa katika ofisi iliyo juu ya duka la rangi, wanakotengeneza mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiendesha kompyuta. Yeye ndiye aliyeamua programu ndogondogo zipi ziwemo tangu mwanzo, kabla mwenye kompyuta hajajiongezea zake. Kipimo chake kilikuwa kimoja: kinachomwokoa mtu aliye mbali na fundi na mtandao, kiwemo. Ndiyo maana hakukosa kuweka kifaa kidogo cha kurekebisha mafaili yaliyoharibika. Alikiita sindano.

Tarehe 4 Desemba 1999 alifunga ndoa na mpiga chapa, mwanamke aliyemweza kwa maneno. "Humu ndani usilete ufagio wako," alimwonya, na wakajaliwa mabinti wawili.

Kisha akaja meneja mpya. Akaingiza michezo ya kamari na matangazo yasiyozimika, sindano akaitoa. "Fagio, wewe ungeuza gari bila viti," alimtania kikaoni.

"Na wewe bwana umejaza mito, breki umeziacha gereji."

Wenzake walicheka, halafu wakanyoosha mikono kumuunga mkono meneja. Siku hiyo marehemu alirudi nyumbani akanawa hadi viwiko, kama mtu aliyeshika mzoga.

Haukupita mwaka, umeme ukakatika ghafla kwenye zahanati moja ya mbali, na uliporudi, mafaili ya chanjo za watoto yakawa hayafunguki. Muuguzi wa hapo akapiga simu ofisini, ikapokewa na marehemu. Akiomba kompyuta ile iwe bado na mfumo wa zamani, akamwelekeza aitafute sindano.

"Hakuna kitu hicho, kaka. Naona kamari tu, na tangazo la mafuta ya nywele."

Mafaili yale hayakupona. Dada hakuwahi kumsikia mdogo wake akitukana. Hata siku hiyo alisema tu, "Uchafu," na Mungu amsamehe dada, hadi leo naye hajapata neno jingine la kuiita kazi ile ya meneja.

Ini lilianza kumsumbua Januari 2023. Alifariki tarehe 17 Mei 2024, asubuhi, mkewe akimfuta jasho. Ameacha mke, mabinti wawili na dada mmoja. Mwenyezi Mungu aliyempa pumzi, sasa ampe pumziko.

Wenzake wa kazini, mmeketi safu ya pili, na meneja yumo. Siku zake za mwisho alimshika dada mkono, akamtuma kwenu: "Waambie sitaki mashada. Warudishe sindano."