Aliyecheza Michezo Yote ya Uani Isipokuwa Mmoja

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wageni wa Uani ambao wengi wetu tunawaona sura leo kwa mara ya kwanza, maelezo haya yameandikwa na mdogo wake marehemu, wa kike, anayemfuata kuzaliwa, ambaye ndiye anayeyasoma, na yamepitiwa na mjane wake, aliyefuta maneno mawili ya sifa akisema mwenyewe angeyacheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi bomba na mshona nguo. Inakumbukwa katika familia kwamba mwaka 1972 alijifungia stoo kwa bahati mbaya, mama akapiga kelele, baba akang'oa mlango na bawaba zake, na mtoto alipotolewa alilia mpaka jioni, si kwa hofu, bali kwa sababu alikuwa amebakiza kidogo tu kukijua kile kitasa.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1975 na kuimaliza mwaka 1981, akaendelea na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, ambako alifanya vizuri hesabu na fizikia, na mwandiko wake ukaandikiwa na mwalimu wa darasa kwamba kuku akikanyaga wino angeeleweka zaidi. Kuanzia 1987 hadi 1989 alisomea umeme na mitambo katika chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1990 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tatu katika majengo kumi na tisa, bila mtu yeyote kuumia mikononi mwake, isipokuwa yeye mwenyewe, kidole gumba, mara mbili.

Wenzake kazini watathibitisha kwamba kila alipoitwa kumtoa mtu ndani ya lifti, neno lake la kwanza lilikuwa "Umekwama wapi?", ingawa taa za ghorofa zilimwonyesha wazi, na alipoulizwa sababu alisema mtu akishataja kwa mdomo wake mahali alipokwama, nusu ya hofu inamtoka, na hiyo nusu iliyobaki inatolewa kwa bisibisi.

Tarehe 19 Aprili 2000, kati ya ghorofa ya nne na ya tano ya jengo moja la ofisi, alimuuliza hivyo mhasibu mmoja, akajibiwa, "Nimekwama kwenye lifti yako, mzee, au nikuchoree ramani?" Kamba ilihitaji kifaa kilichokuwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo marehemu alikaa sakafuni ghorofa ya tano, miguu ikining'inia, akimliwaza kupitia upenyo, na baada ya saa nzima akaona mhasibu ametulia, anajaza vijumba vya karatasi ya hesabu kwa penseli. "Unafanya nini?" "Nachora mtu." "Mtu gani ana pembe nne?" "Wa kwenye mchezo wa kompyuta. Hana pembe, ana nukta. Ukiwa na nukta ishirini na nne kwenda juu, unapata mtu mwenye kofia." Mhasibu huyo, ambaye tangu siku ile anaitwa Bwana Nukta, yupo hapa mstari wa mbele, na ameomba isemwe kwamba alipotolewa hakuwa analia.

Uani ilianzishwa na hao wawili tarehe 2 Septemba 2001, katika chumba cha marehemu cha kupanga, kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya ghorofa ya saba, iliyofunikwa kipande cha shuka kwa sababu ya vumbi. Familia imeshauriwa iiite taasisi, na imekataa, kwa kuwa haikuwa taasisi, haikuwa kampuni, haikuwa na mkurugenzi wala kauli mbiu, ilikuwa tovuti ya watu wenye kazi nyingine, waliotengeneza michezo ya kompyuta kwa kupenda tu, wakaileta wengine waicheze. Jina alilichagua marehemu, akisema mbele ya nyumba watu hukaa kwa heshima, lakini uani ndiko watoto hucheza na watu wazima husema ukweli.

Kanuni ilikuwa moja, nayo haijabadilishwa hadi leo, kwamba mchezo hauwekwi ukurasa wa mbele mpaka mtu asiyeutengeneza aucheze hadi mwisho na kujaza karatasi ya mchezaji, yenye maswali matatu, ulikwama wapi, ulicheka wapi, uliona nini mwisho. Kuchungulia matumbo ya mchezo wa mtu, yaani maandishi ya programu yake, ili kuona jibu kulikuwa mwiko. Michezo iliyokosa mtu wa kuicheza ilipangwa foleni, na marehemu alijitwika foleni hiyo, akaahidi mbele ya wote kwamba hakuna mchezo utakaoletwa Uani ukakosa mtu wa kuufikisha mwisho.

Tuseme ukweli, mingi ilikuwa mibaya. Kulikuwa na mchezo wa gari lisiloweza kukata kulia, kulikuwa na mbuzi aliyezama ardhini kila alipokula, kulikuwa na wa mkunga mmoja ambamo mtoto alizaliwa kabla mama hajaingia mlangoni, na yote marehemu aliicheza akiwa na ovaroli yake bado, akirudi kazini, kisha akamwandikia kila mtengenezaji mahali alipokwama na mahali alipocheka, bila kuchanganya mambo hayo mawili. Mdogo wake huyu anayesoma, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu na kujiona, alimwambia siku moja, "Kaka, una miaka arobaini, umekaa unarusha vyura kwenye kompyuta," naye akajibu bila kugeuka, "Na wewe una digrii mbili, unasahihisha insha za watu ambao kitabu hawajakifungua. Kila mtu na vyura wake."

Kuhusu ndoa. Tarehe 11 Februari 2004 uliletwa Uani mchezo namba 212, uitwao Nyumba ya Ghorofa Tatu, uliotengenezwa na mkutubi wa maktaba ya watoto, na baada ya siku nne marehemu alimwandikia jukwaani, ukurasa wa mazungumzo wa Uani, "Mlango wa ghorofa ya tatu haufunguki," akajibiwa mbele ya wanachama mia tatu, "Unafunguka. Tafuta vizuri, fundi." Alitafuta. Aliandika tena, akajibiwa tena, na kutoka jukwaani wakahamia kwenye barua binafsi, ambazo mjane amezihesabu kuwa sitini na tatu za upande wa mume, zote zikianza na mlango na zikimalizikia mbali kabisa na mlango. Walionana kwa macho Agosti 2005, wakafunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike mwaka 2008 na wa kiume mwaka 2011. Mchezo namba 212 ulibaki kwenye foleni. Ndani ya nyumba yao mlango ule uliachwa kama jino bovu lisilouma, kila mtu anajua lilipo na hakuna anayeligusa, ila sisi mawifi wa mkewe, kwa haki yetu ya utani, tuliligusa kila sikukuu.

Uani ilikuwa na miaka yake mizuri, kati ya 2005 na 2010, wanachama walipofika elfu moja na mia nne, na ndani yake ulikuwemo mwaka wa aibu, 2008, watu wazima waliponuniana miezi mitano kwa sababu ya nani kaiba mti wa nani, mti wenyewe wa nukta kumi na sita. Tarehe 7 Mei 2012 diski ya kompyuta ya Uani iliungua, ikabainika kwamba fundi aliyewagombeza wenye majengo kila mwezi juu ya kukagua kamba za akiba hakuwa ameweka nakala ya kitu chochote. Alikaa siku mbili bila kula vizuri. Kisha bahasha zikaanza kuja, diski zimefungwa kwa soksi, kwa gazeti, kwa kitambaa cha mtoto, kila mwanachama akirudisha alichowahi kupakua, na kufikia Septemba michezo yote 911 ilikuwa imerudi, wa kwanza ukiwa namba 212, ambao ulikuwa kwenye kompyuta nyingine ya marehemu, aliyochezea, ndani ya folda iliyoandikwa "Bado". Baadaye simu zilichukua watu, jukwaa likapoa, wakabaki kama sitini, na marehemu hakuwahi kusikika akilalamika, alisema lifti haisimami kwa sababu imepanda na mtu mmoja.

Oktoba 2023 alianza kuangusha bisibisi. Vipimo vilionyesha ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli, na mwezi uliofuata aliacha kazi, akarudi nyumbani na hesabu moja tu kichwani, kwamba kwenye foleni kuna michezo kumi na tisa, na yeye ana vidole ambavyo vinapungua. Binti yake akawa mikono yake. Walikaa sebuleni kila siku baada ya shule, baba akisema, "Kushoto, kushoto, ruka, nimesema ruka, mama," na binti akisema, "Baba, nimeruka, wewe ndiye umechelewa kusema," na kufikia Aprili 2025 kumi na minane ilikuwa imekwisha, karatasi zake zimejazwa, na wa kumi na tisa wote mnaujua.

Tarehe 2 Mei 2025, wodini, mkewe alisogeza kiti akamwambia, "Baba watoto, nikuambie kitu. Nyuma ya ule mlango hakuna chumba. Ufunguo sikuuweka kwa sababu chumba sikukijenga. Nilituma haraka, nikasema nitamalizia, halafu nikakujibu vile mbele ya watu." Marehemu, ambaye wakati huo kila neno lilimgharimu, alisema, "Najua. Nilichungulia." "Lini?" "Siku ya tisa." Yaani aliivunja kanuni yake mwenyewe kabla hata ya barua ya pili, na akaandika sitini na mbili nyingine akiuliza ufunguo uko wapi. "Miaka ishirini na moja umenifanya mjinga?" "Tulikuwa wawili." Muuguzi aliingia mbio akidhani kuna kilio, akawakuta wanacheka, akawakumbusha kwamba kuna wagonjwa. Wageni wa Uani watamsamehe kuhusu kule kuchungulia. Kisha akamwomba mkewe jambo moja, ajenge kile chumba, ili ile ahadi yake isibaki na tundu.

Mkewe alijenga kwa wiki sita, maktaba mchana, wodini jioni, na tarehe 12 Juni mchezo ulikuwa tayari. Marehemu hakutaka kuelekezwa. Alifika ghorofa ya pili tarehe 17, na tarehe 20, saa kumi jioni, aliupata ufunguo ndani ya kitabu cha tatu cha rafu ya chini, akamwambia binti yake, "Tuhifadhi hapa. Kesho." Alifariki dunia kesho yake, tarehe 21 Juni 2025, saa 3:40 asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule aliyetuachia soketi moja ya umeme bila kuandika popote, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kunyamaza panapostahili, wafanyakazi wenzake waliokuja na ovaroli zao kwa sababu lifti hazisubiri, na watu wa Uani, mliosafiri kutoka mbali mkiulizana majina msiyowahi kuyajua. Bwana Nukta na binti wa marehemu wamekubali kuendelea kuilinda tovuti, na nakala zipo tatu.

Limebaki jambo moja. Bwana Nukta alipendekeza namba 212 uwekwe ukurasa wa mbele hivyohivyo, kwa heshima, na mjane akasema heshima si kupindisha kanuni, ni lazima mtu asiyeutengeneza aufikishe mwisho. Wengi walijitolea. Akamgeukia mdogo wa marehemu. "Wewe, wifi." "Mimi? Mimi hata kuruka sijui." "Ndiyo maana." Kwa hiyo jana mchana, kwenye kiti cha kaka yake, kuanzia pale alipohifadhi, mwalimu wa chuo alicheza mchezo wa kwanza maishani mwake, na karatasi ya mchezaji, kama kanuni inavyotaka, inasema hivi:

"Nilikwama kwenye shimo la ukumbi wa ghorofa ya tatu, nikaanguka mara thelathini na moja. Nilicheka mara ya ishirini, mpwa wangu aliposema, 'Shangazi, mshale wa kulia,' nikamwambia anyamaze, nikabonyeza wa kushoto. Mlango ulifunguka kwa ufunguo wa kaka. Mwisho niliona chumba kidogo, kompyuta imefunikwa shuka, na mtu wa nukta ishirini na nne, mwenye ovaroli ya buluu, amekalia sanduku la zana. Nilipomkaribia aligeuka, maneno yakatokea chini yake, 'Karibu. Ulikwama wapi?', na mchezo ukasimama kungoja jibu. Nilimjibu. Nilichomjibu hakimo humu, kwa kuwa karatasi haikiulizi."

Mchezo namba 212 umewekwa ukurasa wa mbele leo saa moja asubuhi. Pumzika kwa amani, kaka, foleni imekwisha.