Volkswagen Haichemshi Maji

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto, na kama uko kwa pikipiki simama kando kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake Rebeccah Chepchirchir. Mwalimu Rebeccah wa kule Kabianga, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Nusu ya wanaotusikiliza sasa hivi aliwafundisha kuandika jina. Nusu ile nyingine aliwavuta masikio kwa sababu hawakutaka kujifunza.

Mwalimu alituacha mwezi wa tatu mwaka huu, Jumamosi asubuhi, ndani ya gari lake. Volkswagen ya buluu, ya mwaka wa sabini na mbili. Wengi wenu mnaijua. Ni ile ambayo kuku walikuwa wanahama barabarani kabla haijafika.

Lakini huwezi kumsema mwalimu bila kumsema mzee wake, Mzee Kipruto. Huyu alikuwa fundi wa matrekta kwa shamba la chai mpaka akastaafu. Yeye ana Pijo 504, rangi ya maziwa, ya mwaka wa sabini na nane. Anaiosha kuliko vile wengine wetu tunaoga. Na ni mtu wa maneno machache. Binti yao, Cheptoo, ametuambia hivi: "Baba anaweza kumaliza chakula cha jioni chote kwa neno moja. Na hilo neno ni chumvi."

Sasa shika hapo. Watu wawili, magari mawili ya zamani. Kila Jumamosi wanatoka safari. Leo Sotik, wiki ijayo Bomet, siku nyingine ni kuzunguka tu huko kwa mashamba ya chai na kurudi. Na kila mtu ndani ya gari lake. Watu walikuwa wanauliza, mwalimu, mbona msipande moja mkaokoa mafuta? Mwalimu anajibu, "Nikipanda yake, ananyamaza. Akipanda yangu, anashika dashibodi kama mtu anazama."

Basi mzee akaleta dawa. Shamba lilikuwa linabadilisha zile redio koli za askari, zile za kushika mkononi, unabonyeza unaongea, unasema ovaa kuonyesha umemaliza, ukiachilia unasikia. Za zamani zikauzwa kwa wafanyakazi. Mzee akachukua mbili, akazifungua, akazitengeneza mezani pa kulia, mwalimu akilalamika kuhusu skrubu kwa sukari. Moja akaweka kwa Pijo. Moja akaweka kwa Volkswagen. Yeye mbele, mwalimu nyuma. Kwa redio yeye anaitwa Kichwa, mwalimu anaitwa Mkia.

"Kichwa ni wewe kwa barabara," mwalimu akamwambia siku ya kwanza. "Kwa nyumba tutaongea. Ovaa."

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mzee wa chumvi alipoanza kuongea. Usiniulize ni kwa nini. Mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu, na huo ukurasa sijaufikia. Labda ni kwa sababu hakuna mtu anakuangalia uso. Labda ni kile kitufe. Lakini mzee aliongea. Aliongea kuhusu mvua. Aliongea kuhusu marehemu babake. Mwalimu akimsahihisha Kiswahili, mzee anajibu, "Mkia, wacha kutikisika." Cheptoo anakumbuka siku moja amekaa kwa Volkswagen na mama yake, anasikia sauti ya baba inatoka kwa redio inasema, "Mwalimu, umeona hiyo majani upande wa kushoto vile inang'aa? Siku nilikuja kwenu mara ya kwanza ilikuwa inang'aa hivyo." Cheptoo akageuka kumwangalia mama. Mama ameshika usukani kwa mikono miwili, anaangalia mbele. Akabonyeza kitufe. "Nimeona, Baba Cheptoo. Endesha."

Walienda hivyo miaka tisa.

Walikuwa na sheria moja. Kuna mlima mmoja ukitoka huku kwenda Litein, chai pande zote, na juu kabisa kuna kibanda cha askari wa shamba. Ukishavuka ukaanza kuteremka upande wa pili, mlima unameza sauti. Redio ya aliye nyuma haikufikii tena. Kwa hivyo sheria ni kwamba Kichwa hateremki mpaka Mkia aseme, "Niko juu." Kichwa anasimama hapo kileleni, anangoja. Miaka tisa mzee hakuvunja hiyo sheria.

Aliivunja mara moja.

Jumamosi hiyo walikuwa wanaenda Siongiroi. Kulikuwa na mtamba mmoja hapo sokoni, mweupe na madoa, na mwenyewe alisema hangojei mtu baada ya saa nne. Mzee alikuwa na huyo mtamba kwa kichwa tangu Jumatano. Amefika kileleni, amesimama, anangoja. Redio ikalia.

"Kichwa, hii yangu imechemsha maji. Wacha ipoe. Wewe tangulia, tutapatana Litein. Ovaa."

"Sawa, mwalimu. Nakungoja Litein. Ovaa."

Akazima redio, maana huko chini ni shhh tu, akateremka.

Wasikilizaji wapendwa, najua mafundi walio hapo nje tayari wameshika kichwa. Kwa wale ambao si mafundi, nitasema pole pole. Volkswagen ile haina maji. Haina rejeta. Engine iko nyuma na inapozwa na upepo. Hakuna kitu hapo cha kuchemka. Mzee Kipruto amekuwa fundi miaka thelathini na nne. Mwalimu aliendesha hiyo gari miaka ishirini na sita. Wote wawili walijua vizuri kwamba Volkswagen haichemshi maji.

Mzee alikumbuka akiwa Litein, hotelini, ameletewa chai. Aliona mvuke unatoka kwa kikombe. Aliacha kikombe hapo, akaacha na kofia. Alipofika kule mlimani, gari ya zahanati ya shamba ilikuwa imeshamchukua mwalimu, na mwalimu alikuwa ameshatuacha. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia hata kama mzee angekuwa kwa kiti cha pembeni, hangeweza kufanya kitu.

Mzee alisikia hiyo, lakini haikuwa hiyo alikuwa anauliza. Swali lake lilikuwa moja, na alimuuliza Cheptoo jikoni, akamuuliza mchungaji, akauliza mpaka watu wa mazishi waliokuja na viti. "Alikuwa ananiita, ama alikuwa ananifukuza?" Kwa sababu mtu akimwambia fundi Volkswagen imechemsha maji, hiyo inaweza kuwa ni kusema, rudi, kuna kitu hakiko sawa, na sitaki kusema kwa redio. Ama inaweza kuwa ni kusema, nenda na ng'ombe yako uniache.

"Baba, pengine alichanganyikiwa tu," Cheptoo akamwambia.

"Mwalimu?" mzee akasema. "Mwalimu hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa."

Volkswagen ilirudishwa nyumbani. Cheptoo anasema baba yake alikuwa anaamka asubuhi anaenda kukaa ndani. Si kwa usukani. Kwa kiti cha abiria, mkono kwa dashibodi.

Na Jumamosi ikifika, anawasha Pijo. Anaenda peke yake mpaka kwa ule mlima. Anasimama kileleni, anashika redio, anabonyeza.

"Mkia, uko?"

Anaachilia. Anasikiliza ile shhh. Anangoja robo saa, alafu anageuza gari anarudi nyumbani. Alifanya hivyo Jumamosi ya kwanza. Akafanya ya pili. Akafanya ya tatu.

Jumamosi ya nne, amesema "Mkia, uko?", akaona mtu anatoka kwa kile kibanda cha askari. Kijana wa miaka arobaini hivi, koti kubwa la mvua, kofia mkononi. Akaja mpaka dirishani.

"Mzee, hodi. Mimi naitwa Clifford Amolo. Nalinda hapa. Naomba unisamehe, nimekusikia hizi Jumamosi zote na sikujibu."

Mzee akaweka redio chini.

"Ulikuwa unaita mkia," Clifford akasema. "Mimi si mkia. Ningejibu nini?"

Kumbe, wasikilizaji wapendwa, zile redio zilikuwa za askari, na mzee alizitengeneza vizuri sana lakini channel hakubadilisha, ni ile ya zamani ambayo askari hawaongelei tena, wanaisikiliza tu. Miaka tisa, mzee na mwalimu wakidhani wako wawili kwa hewa, kibandani kule juu kulikuwa na askari wanasikiliza. Clifford ni mtu wa kutoka upande wa ziwa. Alikuja kutafuta kazi ya chai akapewa ya ulinzi. Redio yake iko kileleni, kwa hivyo inashika pande zote mbili za mlima.

"Jumamosi tulikuwa tunaongeza sauti," akasema. "Sisi wanne wa zamu. Hatukuwa tunaingilia, mzee, haki ya Mungu. Lakini tunawajua. Ile siku ulimwambia mama kabichi yake ilikuwa chungu, tulikosana hapa kibandani. Wawili walikuwa upande wako. Mimi sikuwa."

Mzee akazima gari. "Siku ile ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa."

"Alisema nini?"

Clifford akazungusha kofia mkononi. Siku ile alikuwa ameacha lindo na ameongea na watu wa nje kwa redio ya kampuni, na alikuwa amepewa barua ya onyo. Kwa mazishi alikuja, akasimama huko nyuma kwa ua, hakupata njia ya kumfikia mzee. Na sasa amesimama tena nje ya lindo lake.

"Aliposema imechemsha maji, mwenzangu akasema, hiyo gari haina maji. Nikabonyeza, nikauliza, mama wa Volkswagen, maji gani? Akauliza, wewe ni nani? Nikamwambia, askari wa huku juu. Akauliza, umekuwa ukisikiliza? Nikasema miaka tisa, mama. Akasema, miaka tisa na hujawahi kusalimia?"

Mdomo wa mzee ukacheza kidogo.

"Nikasalimia. Akaitikia. Alafu akasema kifua kinambana, lakini si sana. Anapumzika tu kisha anakufuata. Nikamwambia, mama, bado namwona mzee, wacha nimwite arudi. Akasema hapana. Akasema, huyo akirudi atafungua gari kabla hajaniangalia mimi."

"Ningefungua," mzee akasema.

"Nikaita gari ya zahanati kwa channel ile nyingine. Nikarudi kwake. Akaniuliza, unamwona bado? Nikasema namwona. Akasema, niambie. Basi nikawa namwambia. Sasa amepita kituo cha kupima majani ya chai. Sasa amepisha trekta. Sasa amesimamisha ng'ombe wapite, anaongea na mwenye ng'ombe. Akasema, anaongea? Nikasema anaongea, ametoa mkono nje. Sasa amefika kwa lami, ameweka indiketa. Akauliza, kuna gari nyuma yake? Nikasema hakuna, mama, barabara iko tupu mbele na nyuma. Akasema, sasa huyo anamwekea nani?" Clifford akashusha macho. "Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, mzee."

Mzee akaangalia usukani.

"Ilikuwa ndefu ama fupi?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo cheko."

Clifford akafikiria. Alitaka kusema ukweli. "Ilikuwa ndefu. Inakatika, alafu inaanza tena."

"Hiyo ni yake," mzee akasema. "Ile fupi ilikuwa ya wageni."

"Alafu akanyamaza, lakini kidole kilikuwa bado kwa kitufe. Nilikuwa nasikia wachuma chai wanaimba hapo karibu. Nikaita, hakujibu. Ndiyo nikaacha redio nikakimbia chini. Nilimkuta ameegemea mlango. Hakuwa amekunja uso, mzee. Nilitaka ujue hiyo. Hakuwa amekunja uso hata kidogo."

Huko chini mtu alikuwa anapiga filimbi, ni wakati wa kupima majani. Mzee Kipruto, mtu wa chumvi, akanyoosha mkono akafungua mlango wa abiria.

"Ingia," akasema.

"Mzee, niko kazini."

"Ingia kidogo. Anza tena kutoka kwa trekta."

Clifford akaingia. Na akaanza tena, kutoka kwa trekta.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mzee Kipruto tunasema pole. Kwa Cheptoo na watoto wake, pole. Kwa walimu waliofundisha na marehemu, na kwa kila mtu aliyejua kuandika kupitia kwake, poleni. Mwalimu Rebeccah Chepchirchir alikuwa na miaka sitini na tisa. Amelala Kabianga, nyuma ya nyumba, hapo majani yanapoanzia. Mungu amweke vyema.

Na wewe unayesikiliza, nikuachie jambo moja ukae nalo leo. Pengine kuna mtu alikufa na wewe ndiye ulisikia neno lake la mwisho. Pengine mlikuwa wodi moja, ama mlikaa kiti kimoja safarini, ama mlikutana tu mtoni. Ukajiambia, mimi si wa ile familia, nitaanzia wapi. Kuna mtu mahali fulani anakaa kwa kiti cha abiria anauliza swali ambalo jibu lake uko nalo wewe. Usingoje Jumamosi ya nne. Piga hodi. Mwambie hata kama ni kitu kidogo, hata kama ni kwamba alicheka, na umwambie cheko ilikuwa ya aina gani.