Waya Mmoja wa Bi Fahima

Boti ya Shela kwenda Amu ilikuwa haijashika mwendo Bi Fahima alipomgeukia Husni, fundi aliyemfungia laini ya simu mwezi uliopita. Swafiya, abiria mwenzao, alikuwa ameketi katikati yao na trei ya mayai mapajani, kwa hiyo hakuwa na budi kusikiliza.

"Wanafunzi wangu wa Mombasa hunisomea Kurani kwa simu," alisema Bi Fahima. "Na mjukuu wangu huangalia nyimbo zake kwa waya uo huo. Nimemwambia nikisomesha azime. Wiki nzima hatusemezani."

"Hana haja ya kuzima, Bi," alijibu Husni, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa hayo nyumba kumi. "Sauti hukatwa vipande vidogo vidogo vikageuzwa tarakimu, na nyimbo vilevile. Kila kipande kina anwani yake. Hupita kwa zamu, havichanganyiki."

"Lakini ndia ni moja."

"Ni moja. Nawe ukienda darsani na udhu wako, si wapita ndia moja na punda wa taka? Udhu hutanguka?"

Swafiya alidhani mambo yamekwisha.

"Punda nampisha kwanza," alisema Bi Fahima, "ndipo nipite."

"Na waya ndivyo ufanyavyo."

"Punda namuona kwa mato yangu. Hivyo vipande vyako umeviona?"

Boti ikagusa gati. Bi Fahima akainuka, akakusanya buibui lake. Husni akasimama kando, akampisha kwanza, na Swafiya akayainamia mayai yake asionekane akicheka.